Mahali pa Kufunga Kamba

Kwenye bampa la Subaru Impreza kuna kifuniko kidogo cha plastiki ambacho wenye gari wengi huja kuliuza gari bila kuwahi kukibandua. Kichokonoe kwa bisibisi bapa nacho kitang'oka. Nyuma yake kuna tundu la chuma lenye nyuzi, lililoshikana na fremu. Humo hukazwa pete nene ya chuma ambayo kiwandani iliwekwa kwenye buti, pamoja na jeki na wili spana. Ndiyo pete ya kuvutia gari likikwama. Mtengenezaji ameificha makusudi. Gari la mbio huuzwa kwa sura yake, na sura hiyo haitaki kumkumbusha mteja kwamba iko siku litavutwa kwa kamba mchana kweupe, watu wakitazama.

Kwenye mashindano mambo ni kinyume. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mchezo wa magari, hulitaka gari la rali liwe na pete ya kuvutia mbele na nyingine nyuma, zionekane waziwazi, tena zipakwe rangi ya njano, nyekundu au ya machungwa. Dereva hodari kuliko wote analazimika kutangaza, kwa rangi ya kupiga kelele, mahali pa kumshika siku akishindwa. Kutoka kwenye viwanja vya mbio mtindo huo uliingia mitaani Japani, ukayafuata magari yaliyotumika hadi bandari ya Dar es Salaam, na leo kuna vijana wanaofunga wenyewe nyumbani kulabu nyekundu kwenye Altezza, Mark X na Impreza zao. Wengi hufanya hivyo kwa urembo.

Barabara ya Ludewa haina subira na urembo. Inaachana na lami ya Makambako kwenda Songea pale Itoni, karibu na Njombe mjini, halafu inakwenda kilomita 211 hadi Manda, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Njombe iko karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari; ziwa liko chini ya meta 500. Tofauti hiyo yote hulipwa kwa kona, makorongo na udongo mwekundu ambao masika yakikolea huwa hauna tofauti na sabuni. Kipande cha Lusitu hadi Mawengi, kilomita 50, kimejengwa kwa zege badala ya lami, na mtu aliyewahi kupita kule mwezi Machi hahitaji kuelezwa sababu. Nje ya zege, kwenye njia za kuingia vijijini, Fuso hukwama, Noah hukwama, na Altezza iliyolazwa springi hukwama kabla ya wote.

Kwa hiyo kijana anayefunga kulabu kwenye gari la namna hiyo, uani kwao Ludewa mjini, Jumamosi mchana, anajibu swali la imani hata kama mwenyewe anadhani anafunga bolti tu. Hakosi mzee wa kupita, akaitikia shikamoo, akaitazama miguu inayochungulia chini ya bampa na kuuliza:

“Mjukuu wangu, mbona unajitabiria mabaya?”

“Hapana, babu. Ni tahadhari tu.”

“Gari jipya huombewa. Wewe unaliwekea kamba ya kuvutwa!”

Utani huo una mizizi. Tanzania nzima watu husema maneno huumba, na makanisa mengi ya kilokole hufundisha kwamba muumini akiri ushindi, asikiri kushindwa. Ukikiri ajali unaiita. Kwa mtazamo huo kulabu ni ukiri wa chuma: kila asubuhi mwenye gari anatangaza mbele ya bampa lake kwamba anatarajia kukwama. Upande wa pili kuna msemo ambao husikika msibani na kituo cha polisi kwa pamoja, kwamba ajali haina kinga. Mtu wa upande wa kwanza anakataa kujiandaa kwa sababu anaamini atapona. Wa pili kwa sababu anaamini hakuna namna ya kupona. Wamefika mahali pamoja kwa njia mbili tofauti, na wote wawili hawana kulabu.

Swali la kama tahadhari ni upungufu wa imani limejibiwa zamani na halihitaji kurasa nyingi. Katika mkusanyiko wa hadithi wa Tirmidhi, mtu mmoja alimuuliza Mtume Muhammad kama amfunge ngamia wake na kumtegemea Mungu, au amwache bila kufungwa na kumtegemea Mungu. Akaambiwa amfunge, kisha ategemee. Katika Injili, Yesu alipopandishwa juu ya kinara cha hekalu na kuambiwa ajitupe kwa kuwa malaika wangemdaka, alikataa, kwa maelezo kwamba huko kungekuwa kumjaribu Mungu. Hakuna shehe wa Makambako wala mchungaji wa Mlangali anayeendesha bila breki kwa jina la tawakali. Mzee aliyemtania mjukuu wake naye, bila shaka, hufunga mlango wa zizi usiku.

Swali gumu ni jingine: kulabu ni tahadhari ya aina gani?

Spea tairi ni tahadhari ya mtu kwa nafsi yake. Jeki, jembe, panga, tochi, betri ya akiba, vyote hivyo humwezesha dereva kujikomboa peke yake usiku wa manane bila kumwamsha mtu. Mkanda wa kiti humlinda aliyeufunga. Kulabu haifanyi lolote kati ya hayo. Imefungwa vizuri kiasi gani, imepakwa rangi gani, haiwezi kulisogeza gari hata sentimeta moja mpaka aje mtu mwingine, mwenye gari lingine, kamba, na moyo wa kusimama. Katika vifaa vyote vya gari, hiki ndicho pekee kinachoanza kufanya kazi pale uwezo wa mwenyewe unapoisha. Anayekifunga anajiandaa kusaidiwa, na hilo kwa watu wengi ni gumu kuliko kujiandaa kwa ajali.

Aristotle angekuwa miongoni mwao. Katika kitabu cha nne cha Maadili ya Nikomako anamchora mtu mwenye nafsi kubwa, kilele cha heshima kwa macho yake. Mtu huyo hupenda kutoa na huona aibu kupokea, maana kutoa ni kazi ya aliye juu na kupokea ni ya aliye chini. Huwakumbuka aliowatendea wema. Waliomtendea yeye huwasahau. Aristotle anaongeza kwamba huwa na sauti nzito na mwendo wa taratibu. (Sauti nzito Impreza yenye ekzosi pana inayo. Mwendo wa taratibu ndio mtihani.) Mwaka 1999 Alasdair MacIntyre, mwanafalsafa mzaliwa wa Uskoti, aliandika kitabu kizima akimpinga Aristotle kwenye jambo hilo. Hoja yake ni kwamba binadamu huanza maisha akibebwa, mara nyingi huyamaliza akibebwa, na katikati huugua. Basi kukubali kwamba unawategemea wenzako ni fadhila inayopaswa kufundishwa kama ushujaa unavyofundishwa.

Historia ya mbio za magari Afrika Mashariki imefuata mkumbo wa Aristotle. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na sifa yake kubwa duniani ilikuwa tope. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 vilevile yalimaliza 7, na miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki akiwa na Peugeot 404. Filamu za mashindano hayo zinaonyesha wanakijiji wakisukuma magari kutoka kwenye matope mpaka magoti, wakirushiwa tope usoni na magurudumu ya nyuma. Nowicki jina lake liko kwenye vitabu. Aliyesukuma hayupo popote, ingawa bila yeye huenda hesabu ya waliomaliza isingefika hata hiyo 7.

Mtu wa Tanzania anayelitafakari jambo hili hawezi kumkwepa Nyerere, kwa kuwa nchi hii ililelewa na neno kujitegemea. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilisema maendeleo yanahitaji vitu vinne, watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora, likaiondoa fedha kwenye msingi. Kwa haraka haraka mtu angedhani Azimio lingeipiga marufuku kulabu: taifa la kujitegemea halitengenezi mahali pa kuvutwa. Lakini waraka ule ulikuwa makini kuliko kaulimbiu zilizotokana nao. Haukukataa misaada. Ulitofautisha msaada unaochochea juhudi za mwenyewe na msaada unaozidhoofisha, ukaukubali wa kwanza na kuutilia shaka wa pili. Nyerere alikuwa Mkatoliki aliyehudhuria misa kwa bidii, na uzeeni alizigeuza sehemu za Biblia kuwa tenzi, zikachapishwa na Wabenedikto wa Ndanda na Peramiho.

Na Wabenedikto wenyewe wana mvutano huohuo ndani ya kanuni yao. Sura ya 66 ya Kanuni ya Mtakatifu Benedikto inataka monasteri iwe na kila kitu ndani ya ukuta, maji, kinu, bustani na karakana, ili watawa wasiwe na haja ya kutangatanga nje. Sura ya 53 inataka kila mgeni anayebisha hodi apokewe kama Kristo mwenyewe. Ukuta kamili, na mlango ulio wazi. Wamisionari wa Peramiho, walioanza kazi Ungoni mwaka 1898, waliutafsiri mvutano huo kwa vitendo. Walijenga karakana za useremala, uhunzi na ufundi wa magari kusini yote, na karakana hizo hazikuwa za watawa peke yao. Gari lililokufa njiani lilipelekwa huko bila kuulizwa dhehebu lake.

Uhunzi, kwa kweli, ulikuwepo Ludewa kabla ya misheni. Wapangwa waliyeyusha chuma chao wenyewe, na mwanaakiolojia wa Norway, Randi Barndon, amechapisha utafiti mkubwa juu ya uyeyushaji wao na wa Wafipa. Kinachovutia katika kazi ya namna hiyo ni jinsi ufundi na ibada zilivyoshikana. Viriba, makaa na mawe ya chuma vilikuwa na utaratibu wake, na miiko na dawa za tanuru zilikuwa na utaratibu wake, na hapakuwa na mhunzi aliyesema kimoja kinatosha. Aliyeweka dawa bila kupuliza viriba hakupata chuma, na hilo alilijua vizuri kuliko mtu yeyote. Leo milima ya Liganga, wilayani hapohapo, inakadiriwa kuwa na tani milioni 126 za mawe ya chuma, na kulabu inayofungwa Ludewa mjini imetoka Asia kwa meli. Hilo ni suala la makala nyingine.

Turudi kwenye tope, maana torati imeligusa moja kwa moja. Kitabu cha Kutoka, sura ya 23, kinasema ukimwona punda wa mtu anayekuchukia amelala chini ya mzigo wake, usipite, msaidie kumwinua. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, linarudia sheria hiyo kwa punda au ng'ombe wa ndugu aliyeanguka njiani. Karne nyingi baadaye Yesu, akibishana na Mafarisayo juu ya Sabato katika Luka 14, aliwauliza ni nani kati yao ambaye mwana wake au ng'ombe wake akitumbukia kisimani asingemvuta siku hiyohiyo. Hawakuwa na jibu. Kumvuta aliyetumbukia kulikuwa jambo lililo wazi kiasi kwamba lingeweza kutumika kama hoja ya kumshinda mtu kwenye mjadala.

Lakini kifungu chenye manufaa zaidi kwa mtu mwenye Altezza kimo ndani ya Mishna, mkusanyiko wa sheria za Kiyahudi uliokamilishwa karibu mwaka 200 baada ya Kristo, katika sehemu inayohusu mali iliyopotea na wanyama waliolemewa. Marabi walijiuliza: itakuwaje mwenye punda akienda kukaa kivulini, akamwambia mpita njia, “Amri ni yako, ukitaka kumpakua, mpakue”? Jibu lao ni kwamba mpita njia amesamehewa, anaweza kwenda zake. Torati imeagiza kusaidia pamoja na mwenye mnyama, kwa hiyo mwenyewe asipotia mkono, hakuna deni. Kisha wakaongeza jambo linaloonyesha hawakuwa watu wa kutafuta mwanya: mwenye punda akiwa mzee au mgonjwa, amri iko palepale, mpakulie.

Hapa ndipo kulabu inapopata maana yake yote. Kwa kijana aliyekwama chini ya Mawengi, kutia mkono hakuanzi pale Fuso linaposimama. Wakati huo ameshachelewa. Atakuwa amesimama pembeni akipiga simu, viatu vyeupe mkononi. Mkono wake aliutia, au hakuutia, Jumamosi ile uani. Ile pete ndiyo sehemu yake ya kazi, aliyoifanya mapema kwa niaba ya mtu asiyemjua.

Na mtu huyo ana sura. Mara nyingi ni utingo wa lori. Lori likisimama kumvuta mwenye gari dogo, dereva hubaki kwenye usukani. Anayeshuka na kamba ni utingo. Gari lisilo na kulabu humlazimisha alale chali kwenye tope la baridi, uso ukiwa chini ya bampa, akipapasa kwa vidole mahali pa kufunga. Atakutana na mkono wa tairi, ambao ukivutwa hupinda. Atakutana na bomba la kupozea injini. Kwenye magari kadhaa ya Japani atakutana na vipete vidogo chini ya tumbo, akashukuru Mungu, akafunga. Kumbe vile viliwekwa kwa ajili ya kulibana gari kwenye sakafu ya meli lisiteleze baharini, na mvuto wa ghafla kutoka kwenye tope si kazi yake. Lori likiondoka, kipete hukatika. Kamba ya nailoni iliyonyooshwa na tani kadhaa ikiachiwa ghafla hurudi na kipande cha chuma nchani, na kipande hicho hakichagui kati ya aliyekwama na aliyekuja kumkwamua. Utingo mwenye uzoefu hutupia gunia lililolowa au koti zito katikati ya kamba, ili ikikatika uzito huo uiangushe chini. Wenye magari wengi hawajui hata kwa nini anafanya hivyo.

Hiyo ndiyo sababu kazi ya uani inastahili umakini wa kiibada, na kidogo kinachofuata si cha kurukwa na msomaji asiyependa spana. Nyuma ya plastiki ya bampa kuna boriti ya chuma au aluminiamu inayopokea kishindo gari likigonga, nayo imefungwa kwa bolti kwenye ncha mbili za fremu. Kulabu ya kununua dukani inapaswa kufungwa pale boriti inapokutana na fremu, isiwe katikati ya boriti, na kamwe isiwe kwenye plastiki. Bolti nayo husomwa kichwani. Ikiandikwa 8.8, namba ya kwanza ina maana chuma chake hukatika kikifikia megapaskali 800, na ya pili kwamba kikifika asilimia 80 ya hapo kinaanza kunyooka bila kurudi. Bolti ya milimita 12 ya daraja hilo haikatiki mpaka ivutwe kwa zaidi ya tani 6 kwa urefu wake. Ikikatwa kwa ubavu, uwezo hupungua sana. Bolti isiyo na maandishi kichwani, ile ya kuokota kwenye kopo la gereji, haina ahadi yoyote. Altezza ina uzito wa tani 1.3 au 1.4 ikiwa imesimama barabarani, lakini gari lililozama hadi kwenye mlango, likivutwa kwa kushtukiza, hudai mara kadhaa ya uzito huo.

Pete ya kiwandani, ile ya kwenye buti, ina mitihani yake midogo. Kwenye baadhi ya magari ya Ulaya, Volkswagen mojawapo, nyuzi zake zimechongwa kinyume, hukazwa kwa kuzungusha kushoto, na mtu asiyejua hilo gizani anaweza kuamini tundu limeharibika. Ikishaingia hukazwa kwa mpini wa wili spana uliopitishwa ndani ya pete hadi igote. Ikiachwa nyuzi mbili nje, hupinda. Gari lililotumika linaweza kufika Njombe likiwa na tundu bila pete, pete ikiwa imebaki na mwenyewe wa kwanza huko Japani. Mnunuzi anayekagua redio na rangi hukuta haipo siku anapoihitaji.

Sasa kuna ile kulabu nyekundu ya urembo, inayofungwa kwa skrubu mbili kwenye plastiki ya bampa ili gari lifanane na la mashindano. Katika mambo yote yanayoweza kufanywa uani, hili ndilo baya kuliko kutofunga chochote. Gari lisilo na kulabu linasema ukweli: hapa hapashikiki, tafuta kwingine. Gari lenye kulabu iliyofungwa kwenye plastiki linamdanganya mtu aliyesimama kwa hisani. Utingo ataiona rangi, rangi ambayo kwenye mashindano ndiyo ishara ya mahali salama pa kushika, atafunga kamba pale na kuinua mkono kumpa dereva ishara. Dini zote zilizofika Ludewa zina maneno makali kwa anayefanya ibada ili aonekane, na kwa kawaida hasara ya unafiki huo hubaki kwa mnafiki mwenyewe na Mungu wake. Huu wa bampa hasara yake humwangukia mtu wa tatu, kifuani.

Litabaki suala la pesa. Masika yakichachamaa, penye mashimo sugu huonekana vijana na majembe yao, na bei hupatanwa kabla tope halijaguswa. Wasafiri wenye hasira huwaita wezi. Hasira hiyo inaeleweka, ila Luka 10 haiwaungi mkono moja kwa moja. Msamaria alitoa dinari 2 kwa mwenye nyumba ya wageni na kuahidi kulipa zaidi akirudi. Mwenye nyumba alizipokea, na hakuna neno la lawama juu yake; alimuuguza mgonjwa kwa malipo na mfano wa Yesu haukuharibika. Anayelaumiwa ni aliyepita upande wa pili. Kijana aliyeshinda mvuani na jembe hakupita. Akidai bei ya kumkomoa aliyebeba mgonjwa, hapo ni jambo jingine, na mtu huyo anajua hivyo bila kuhubiriwa.

Maana wagonjwa ndio wanaolifanya suala hili lisiwe la wapenda magari tu. Hospitali ya misheni ya Lugarawa inategemewa na vijiji vya milimani, na kutoka vijiji hivyo mama mjamzito anaweza kushuka kwa pikipiki, kwa pikapu ya mbao, au kwa gari la jirani lililoombwa usiku. Gari hilo huenda likawa hiyohiyo Altezza, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na mafuta. Hapo nyongeza ya marabi juu ya mzee na mgonjwa inafanya kazi. Aliyepanda gari hakuchagua gari wala hakukagua bampa, na lori litakalofika lina deni lake lote hata kama mwenye gari hakutia mkono wake mapema. Uzembe wa dereva haumfungui utingo na wajibu. Unauongezea tu hatari.

Upo pia wajibu wa upande wa pili, ambao husahaulika kwa sababu hauna urembo wowote. Mwenye Land Cruiser anayetembea barabara za Ludewa bila kamba ya kuvutia yuko sawa na mwenye Altezza asiye na kulabu. Amejipa uwezo wa kusaidia akaacha kipande kimoja nyumbani. Akisimama atatoa pole, tena ya dhati, kisha ataondoka. Pole hiyo haina mahali pa kufungwa.

Fundi wa Njombe au Makambako anayeletewa kazi hii huuliza swali moja kabla ya kuanza: mbele au nyuma? Karibu kila mtu hujibu mbele, kwa kuwa anajiona yeye ndiye atakayekwama. FIA hudai zote mbili. Magari mengi yana tundu nyuma pia, chini ya kifuniko kingine kidogo cha plastiki, na pete ileile ya kwenye buti huingia bila gharama yoyote. Pete ya nyuma humtoa aliyetumbukia kinyumenyume, na ndiyo ambayo gari dogo huweza kuitumia kumvuta mwenzake mwepesi kwenye tambarare: Bajaji iliyozima, Vitz iliyoishiwa nguvu kandokando ya zege. Fuso halitavutwa na Altezza, na kitabu cha gari kisomwe kwanza, kwani baadhi ya watengenezaji hawaruhusu kuvuta gari jingine kabisa. Kifuniko cha nyuma hubanduliwa kwa bisibisi ileile.